Anayetaka udaktari Marekani asianzie kwenye chuo cha madeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi wenzangu tulioko Marekani, pamoja na wale walioko Tanzania, Kenya na Kongo wanaofikiria kumleta mtoto huku, juu ya uamuzi mmoja unaofanywa kwa haraka na kulipiwa kwa miaka mingi: uchaguzi wa chuo cha shahada ya kwanza kwa kijana anayetaka kuwa daktari. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja kaskazini mwa Texas, na kwa kuwa watoto wangu walishapita njia hiyo, kila mwaka kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili familia za jumuiya yetu, Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliopokewa hapa kama wakimbizi, huniletea fomu na barua za vyuo tuzisome pamoja. Ninachokiona katika makaratasi hayo kinanitia uchungu. Watoto wenye akili na bidii wanapelekwa kwenye vyuo ambavyo wazazi wao hawana uwezo wa kuvilipia, kwa imani kwamba jina la chuo ndilo litakalowafungulia mlango wa udaktari, na imani hiyo haina msingi.

Kwa msomaji aliyezoea utaratibu wa nyumbani, nieleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda huku. Tanzania kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na kupata alama zinazotakiwa huomba udaktari moja kwa moja, akipokewa Muhimbili, Bugando au KCMC anasoma miaka 5, anafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha anasajiliwa. Marekani mlango huo haupo, isipokuwa katika programu chache mno zinazounganisha shahada mbili, kama ile ya CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, kule Harlem au ile ya miaka 6 ya University of Missouri-Kansas City. Wengine wote husoma kwanza shahada ya miaka 4 katika fani yoyote wanayoipenda, mradi wamalize baiolojia, kemia, kemia ogania, fizikia na bayokemia pamoja na maabara zake. Halafu hufanya mtihani wa MCAT, huomba upya kwenye chuo cha tiba, na wakipokewa husoma miaka mingine 4, ndipo waanze mafunzo ya hospitalini ya miaka 3 hadi 7 kufuatana na ubingwa wanaoutaka. Kwa hiyo chuo kinachotangaza kwamba kina maandalizi mazuri ya udaktari hakitoi shahada ya udaktari wala hakimhakikishii mtu nafasi popote. Kinatoa masomo ambayo karibu kila chuo kikuu cha jimbo kinayatoa, na mshauri wa kumwelekeza mwanafunzi.

Mwaka 2023 vijana 52,577 waliomba kuingia vyuo vya tiba vya Marekani vinavyotoa shahada ya MD, na walioanza masomo walikuwa 22,981. Wastani wa GPA ya hao walioanza, yaani alama ya jumla ya masomo yao yote ya chuo, ulikuwa 3.77 kati ya 4.0, na wastani wa MCAT ulikuwa 511.7, katika mtihani ambao alama ya juu kabisa ni 528. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyotazamwa kwanza, kisha saa ambazo kijana amezitumia karibu na wagonjwa, barua za walimu, utafiti na mahojiano. Siwezi kusema kwamba jina la chuo halitazamwi kabisa, kwa kuwa wapo wajumbe wa kamati za kuchagua wanafunzi wanaolitilia jina hilo uzito, lakini uzito huo ni mdogo, na hauwezi kumbeba mwenye GPA ya 3.2 akampita mwenye 3.85 kutoka chuo cha jimbo ambacho hakijulikani nje ya mipaka yake.

Wazazi wengi hawajui jinsi GPA hiyo inavyopotea. Masomo ya kemia na baiolojia ya mwaka wa kwanza katika vyuo vingi ni madarasa ya kuchekecha: ukumbi wa wanafunzi mia tatu, mitihani mitatu au minne kwa muhula, na katika baadhi ya vyuo alama hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao, hivyo nusu yao lazima waangukie chini ya wastani hata kama wote wanajua somo. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule ya sekondari ya mtaa wetu, ambako labda hapakuwa na mwalimu wa fizikia kwa mwaka mzima, anapokaa humo na vijana waliolipiwa walimu wa ziada tangu utotoni, anaweza kupata C mbili kabla ya Krismasi bila kuwa mzembe hata kidogo. Na C hizo hazifutiki. Mfumo wa maombi wa AMCAS, ambao hutumiwa na vyuo vingi vya MD, huhesabu alama zote, ya mara ya kwanza na ya kurudia, na vyuo vya tiba ya osteopathi, aina ya pili ya vyuo vya udaktari vya Marekani, viliacha mwaka 2017 kawaida yao ya kuifuta alama ya zamani pale mwanafunzi anaporudia somo. Kwa hiyo ninaposema kwamba mtoto achaguliwe chuo anachokimudu, sisemi tu juu ya ada. Nasema achague mahali ambapo maandalizi yake ya sekondari yanamweka katika robo ya juu ya wanaoingia, ambapo madarasa ni madogo au yana vikundi vya usaidizi, na ambapo mwalimu wa kemia atamjua kwa jina kabla ya kuombwa amwandikie barua.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini kwa sababu sheria imebadilika na taarifa haijawafikia wengi. Hadi hivi karibuni mzazi aliweza kujipa moyo kwamba hata mtoto akimaliza shahada ya kwanza na deni, serikali ya Marekani itamkopesha gharama yote ya chuo cha tiba, kwa kiasi chochote, naye atalipa akishakuwa daktari. Mkopo huo uliitwa Grad PLUS. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeufuta kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na imeweka kikomo: mwanafunzi wa udaktari anaweza kukopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka na jumla ya dola 200,000. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vingi binafsi vya tiba, ukijumlisha ada, chumba, chakula na bima, inapita dola 80,000. Tofauti hiyo ya dola 30,000 au zaidi kila mwaka italazimika kutoka mfukoni mwa familia, kwenye ufadhili, au kwenye benki binafsi, na benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mkopo. Mzazi ambaye tayari ameelemewa na deni la shahada ya kwanza hataweza kuwa mdhamini huyo. Hapo ndipo kijana aliyepokewa chuo cha tiba, baada ya kufaulu kila kitu, anaweza kukosa nafasi yake kwa sababu ya uamuzi uliofanywa akiwa na miaka 17.

Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo pia kwenye mkopo wa wazazi, ule ambao mzazi huuchukua serikalini kwa jina lake ili kumlipia mtoto shahada ya kwanza: dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa kila mtoto. Kwa maoni yangu hilo ni jambo jema, ingawa litawaumiza waliokuwa wameshapanga vinginevyo, kwani mkopo huo umeziangamiza familia ninazozijua. Riba yake kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa asilimia 8.94, na kabla fedha haijatoka hukatwa asilimia 4 na ushei.

Nieleze barua moja niliyoisoma na mama mmoja mezani kwake kabla ya kikomo hicho kuanza, bila kukitaja chuo. Ilianza kwa pongezi na jina la binti yake kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa na jedwali lenye kichwa kinachosema msaada wako wa fedha. Gharama ya mwaka ilikuwa dola 82,000. Ufadhili wa chuo ulikuwa dola 38,000, na mama huyo, ambaye hufanya zamu mbili katika nyumba ya kutunzia wazee, aliishia kuusoma hapo, akaniambia kwa furaha kwamba mtoto amepata karibu nusu. Tukaendelea kushuka mstari kwa mstari. Mkopo wa mwanafunzi dola 5,500. Kazi ya ndani ya chuo dola 2,500, ambazo hazitolewi mpaka mtoto azifanyie kazi kwa saa. Halafu mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa ufupisho ambao mtu asiyejua hawezi kuuelewa, dola 36,000: huo ulikuwa mkopo wa mzazi, uliowekwa ndani ya jedwali la msaada ili hesabu ya mwisho isomeke sifuri. Sifuri hiyo ilimaanisha deni la dola 144,000 kwa miaka minne kabla ya riba, kwa jina la mama, kwa shahada ambayo baada yake udaktari ulikuwa bado haujaanza. Chuo hakikusema uongo katika mstari wowote. Lakini mzazi anayebeba boksi kutwa kucha, na ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, hapaswi kuachwa peke yake na karatasi ya namna ile.

Kipimo ninachokipendekeza mimi ni hiki. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa kukopa serikalini kwa jina lake mwenyewe dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kwa kila mmoja wa miaka miwili inayofuata, jumla dola 27,000. Ikiwa chuo hakiwezekani bila kuvuka kiasi hicho, yaani bila mzazi kukopa au kutafuta benki, basi kwa mtoto anayekusudia udaktari chuo hicho si cha kwenda, hata kama kinasifiwa vipi. Afadhali hata hizo 27,000 zisiguswe.

Nisieleweke vibaya kwamba napiga vita vyuo vikubwa. Kuna jambo ambalo wazazi wetu wengi hawalijui, nalo ni kwamba vyuo mashuhuri kuliko vyote mara nyingi ndivyo vya bei nafuu zaidi kwa familia ya kipato chetu. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, haiitozi chochote familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 na mali za kawaida, si ada, si chumba, si chakula, na haitozi ada kwa kipato kisichozidi 200,000. MIT nayo ina utaratibu unaofanana na huo. Mtoto mwenye rekodi ya kumfikisha huko aombe bila woga. Lakini vyuo hivyo hupokea waombaji wachache sana katika kila mia, na kwa hiyo haviwezi kuwa mpango wa familia. Viwe nyongeza katika orodha. Hatari ipo kwa vile vya katikati: vyuo binafsi vyenye majina mazuri na bustani nzuri, vinavyotoza kama Harvard lakini havina hazina ya Harvard, na ambavyo ufadhili wake huishia nusu ya njia kama ilivyokuwa kwa binti niliyemtaja.

Mpango wa familia, kwa mtazamo wangu, uanzie kwenye jimbo mnaloishi. Hapa Texas, tangu mwaka 2025, vyuo vikuu vya mfumo wa University of Texas, vikiwemo Arlington, Dallas, San Antonio, El Paso na Austin yenyewe, haviitozi ada ya shahada ya kwanza familia ya wakazi wa jimbo yenye kipato cha dola 100,000 au chini yake, mradi mwanafunzi asome muda wote na ajaze fomu za msaada kwa wakati. Chumba na chakula havimo, na ndiyo maana mtoto anayeweza kuendelea kulala nyumbani anaokoa fedha nyingi. Minnesota, ambako ndugu zetu Wakenya ni wengi, jimbo lilianzisha mwaka 2024 mpango wa North Star Promise unaofuta ada katika vyuo vya umma kwa familia zenye kipato kisichofika dola 80,000. Kila jimbo lina utaratibu wake, na inasikitisha kuona familia ikiacha utaratibu wa jimbo lake na kumpeleka mtoto jimbo jirani, kwenye chuo cha umma cha huko, ambako atatozwa ada ya mgeni iliyo mara mbili au tatu ya ile ya mkazi.

Ukaazi wa jimbo una faida nyingine inayokuja baadaye na ambayo ni kubwa kuliko hiyo. Vyuo vya tiba vya umma hupendelea wakazi wao. Kanuni za Texas zinataka angalau asilimia 90 ya nafasi katika vyuo vya tiba vya jimbo ziende kwa wakazi wa Texas, na ada ya mkazi katika vyuo hivyo ni chini ya nusu ya ile ya vyuo vingi binafsi vya tiba nchini. University of Mississippi inachukua wakazi wa jimbo lake peke yao kwenye udaktari. Kijana aliyekulia Fort Worth au Houston, akasoma shahada ya kwanza bila ada hapa hapa, akabaki mkazi, anaomba chuo cha tiba akiwa na nafasi ambayo kijana wa California angeitamani.

Na kuna mpango mmoja wa Texas ambao nautaja popote ninapopata watu wa kunisikiliza, kwa sababu ulitungwa kwa ajili ya watoto wa familia kama zetu na bado wengi wetu hatuujui. Unaitwa JAMP, na ulianzishwa na bunge la jimbo mwaka 2001. Mwanafunzi mkazi wa Texas, raia au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, anayetoka familia ya kipato kidogo, huuomba akiwa ameanza mwaka wa pili katika chuo chochote kinachoshiriki, na vinavyoshiriki ni karibu vyuo vikuu vyote vya jimbo, vikubwa na vidogo. Akichaguliwa hupewa fedha za masomo, hupelekwa likizo za kiangazi kwenye vyuo vya tiba kujifunza na kulipwa posho, husaidiwa kujiandaa kwa MCAT, na akitimiza masharti ya alama huhakikishiwa nafasi katika mojawapo ya vyuo vya tiba vya Texas. Ni vichache mno vyuo binafsi vya dola 82,000 vinavyoweza kumpa mtoto ahadi kama hiyo, na huipati ukimpeleka nje ya jimbo.

Ikiwa mtoto anatamani chuo binafsi, atazame rekodi badala ya sifa. Mfano ninaoupenda ni Xavier University of Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki mjini New Orleans kilichoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya Wamarekani weusi, ambacho kwa miongo mingi kimepeleka wahitimu weusi wengi zaidi kwenye vyuo vya tiba kuliko vyuo vikuu vyenye utajiri unaokizidi mbali. Kimefanya hivyo kwa kuwafundisha wanafunzi kwa vikundi, kuwafuatilia tangu wiki za kwanza za kemia, na kukataa dhana kwamba kazi ya mwaka wa kwanza ni kupunguza watu. Pamoja na hayo, hata huko lazima mzazi akae na barua ya fedha na kupiga hesabu kama nilivyoeleza.

Mnapotembelea chuo, au mnapozungumza na mshauri kwa simu, msiridhike na tangazo kwamba asilimia 90 ya waombaji wao huingia vyuo vya tiba. Baadhi ya vyuo huwa na kamati inayoandika barua ya pamoja ya kumwombea mwanafunzi, na kamati hiyo inaweza kukataa kumwandikia yule inayemwona dhaifu, hivyo haombi kabisa au anaomba kwa unyonge, na asilimia inabaki inang'aa. Muulize ni wangapi waliingia mwaka wa kwanza wakitaka udaktari, wangapi kati yao waliomba, na wangapi walinyimwa barua. Mshauri anayeijua kazi yake atajibu bila kukasirika. Muulize pia hospitali ya karibu iko umbali gani na kama wanafunzi wanaweza kufika kwa basi, kwa sababu saa za kukaa na wagonjwa ni sehemu ya maombi, na hapa familia zetu zina utajiri ambao hatuuhesabu. Nyumba nyingi za Waafrika Mashariki ninazozijua zina angalau mtu mmoja mwenye cheti cha msaidizi wa muuguzi. Kijana akikipata cheti hicho akiwa na miaka 18, akafanya zamu za mwisho wa wiki za kuogesha wagonjwa, kuwageuza kitandani na kupima shinikizo la damu, anajilipia vitabu na wakati huo huo anajifunza kama kweli anaipenda kazi hii. Nimewaona vijana wa aina hiyo wodini kwetu. Wanapofika kwenye mahojiano ya chuo cha tiba wana jambo la kusema.

Juu ya vyuo vya jamii vya miaka miwili nitasema kwa kifupi, maana naulizwa sana. Ni vya bei ndogo na kwa masomo ya jumla havina tatizo lolote. Lakini baadhi ya vyuo vya tiba hupenda kuona kemia na baiolojia zimesomwa kwenye chuo cha miaka minne, kwa hiyo anayeanzia huko ahakikishe kwamba anahama na kufanya masomo ya sayansi ya juu, hasa bayokemia, kwenye chuo kikuu, na kuyafanya vizuri.

Nigeukie sasa wazazi walioko nyumbani, kwani kwao ninayo maneno magumu zaidi. Nimepigiwa simu na mzazi aliyekuwa tayari kuuza kiwanja ili mwanawe mwenye Daraja la Kwanza la PCB aje Marekani kwa viza ya mwanafunzi, aanze shahada ya baiolojia, kisha aingie udaktari. Naomba mzazi wa namna hiyo ajue kwamba mwanafunzi wa viza hapati mkopo wala ruzuku ya serikali ya Marekani, na kwamba vyuo vinavyompokea mgeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, na kisha vikamsaidia kikamilifu, vinahesabika kwa vidole. Hata akimaliza shahada hiyo kwa alama za juu, vyuo vingi vya tiba vya Marekani havipokei kabisa waombaji wasio raia au wasio na ukaazi wa kudumu. Vinavyowapokea, kama Harvard, Yale na Johns Hopkins, ndivyo vigumu kuliko vyote, na vingine humtaka mgeni aweke benki mapema ada ya miaka kadhaa, hata yote minne, kabla ya kuanza. Wanaokwama hapo hushawishika kwenda vyuo vya tiba vya biashara vya visiwa vya Karibiani, vinavyopokea karibu kila mwenye kulipa na kupoteza wengi njiani.

Kijana huyo mwenye Daraja la Kwanza ana njia fupi zaidi mlangoni kwake. Asome udaktari Muhimbili, Nairobi, Moi, Makerere au Bugando, na kama bado anataka kuja Marekani afanye baada ya hapo mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari ya Marekani, na kuomba mafunzo ya ubingwa, ambayo humlipa mshahara badala ya kumtoza ada. Njia hiyo nayo si rahisi. Wageni waliosoma nje wanaopata nafasi kila mwaka ni zaidi kidogo tu ya nusu ya wanaoshindania, na masuala ya viza hubadilika kila serikali inapobadilika. Lakini atakayeshindwa atakuwa tayari ni daktari, katika nchi zenye upungufu mkubwa wa madaktari, badala ya kuwa na shahada ya baiolojia na kiwanja kilichouzwa.

Hata kwa watoto waliokulia huku, mzazi akumbuke kwamba zaidi ya nusu ya walioomba mwaka ule niliotaja hawakupata nafasi, na wengine wengi walibadili nia kabla ya kufika hatua ya kuomba. Kubadili nia si aibu. Mtoto aliyemaliza bila deni anaweza kuomba tena mwaka unaofuata, au akageukia uuguzi, famasia, maabara au afya ya jamii, bila kukimbilia kazi ya kwanza inayotokea ili alipe benki. Mwenye deni hana uhuru huo, na nimeona vijana walioacha kuomba mara ya pili kwa sababu hiyo peke yake.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako na kwa viongozi wa jumuiya zetu. Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na inawahusu raia, wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliopokewa kisheria. Nusu ya wazazi ninaokutana nao huijaza Machi, wakati fedha nyingi za majimbo na vyuo zimeshagawiwa. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinatakiwa kisheria tangu mwaka 2011 kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi, ambacho mzazi akikiingizia kipato chake kinamwonyesha, kabla hata ya kuomba, ni takriban kiasi gani atalipa. Ningependa makanisa, misikiti na vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya na Wakongomani vitenge Jumamosi moja ya Oktoba katika kila mji, watu waje na karatasi za kodi za mwaka uliotangulia, waliopita njia hii wakae na wanaoanza, na vikokotoo vya vyuo vitano au sita vijazwe pale pale kwa Kiswahili. Nami kwa upande wa Arlington na Fort Worth niko tayari kushika meza moja, na nawafahamu wauguzi wenzangu watakaoshika nyingine.

Muuguzi na mzazi,
Arlington, Texas